Hapa Birongo Hakuna Kemunto

Jameni, leo nimelia hadi mboga ikaungua.

Si mnajua vile nimetafuta Bosibori? Yule tulikuwa tunachuma chai na yeye tukiwa wasichana, halafu akaolewa mbali, akapotea.

Leo msichana wangu akanionyesha kwa simu iko grupu ya watu wa Birongo. Unaandika jina hapo juu, maneno yote ya zamani inatoka.

Nikaandika Bosibori.

Akatoka! Nikapiga vigelegele hadi kuku wakatoroka. Kumbe ningengoja nisome kwanza.

Alikuwa ameandika, "Mimi ni mgonjwa sana. Nani anajua rafiki yangu Kemunto? Mwambieni anipigie, nataka tu kusikia sauti yake."

Kemunto ni mimi!

Na hapo chini Mama Brian, jirani yangu kabisa, amemjibu: "Hapa Birongo hakuna Kemunto."

Nikaenda kwake mbio na simu mkononi. "Mama Brian, si huyu ni wewe?"

"Nyasae, Mungu wangu! Kwani wewe ndio Kemunto? Mimi najua tu Mama Denno!"

Huyu tunachota maji na yeye kila asubuhi. Akitaka habari ya mtu yeyote huku, anauliza mimi.

Chini kabisa, mtoto wa Bosibori ameandika, "Asanteni kwa maombi. Mama tumemzika."

Sasa leo msiniite Mama Denno.

Niandikieni Kemunto hapo chini. Kila mtu akiniita nitaitika kwa sauti, hata kama niko jikoni peke yangu.