Paka wangu alinilamba dawa ya vita

Wakuu, salamu zenu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Ifakara, siongezi chumvi.

Mimi ni mzururaji. Shule ya misheni niliiacha mapema, nikabeba mizigo ya watu hadi pwani. Wenzangu walirudi na nguo. Mimi nilirudi na paka jike kwenye kikapu.

Nikikaa tu, ananilamba. Mkono, shingo, hata sikio. Kwa nini?

Basi vita ikafika. Mganga akatunyunyizia dawa, ile ya kugeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Kesho yake twende kulivamia boma lao la Mahenge.

Mchana nikajilaza. Kuamka, paka amenilamba kifua na mikono yote miwili. Dawa kwisha!

Likwata, mume wa dada yangu, alicheka hadi akakaa chini.

"Shemeji, mpeleke paka vitani! Wewe baki utwange mpunga."

Mimi sikucheka. Nilitaka kuishi.

Mganga alikuwa ameshaondoka kwenda Mngeta, upande mwingine kabisa. Nikamfuata, paka kikapuni kama ushahidi. Wenzangu hawakuningoja.

Njiani nikafanya majaribio (mnanijua). Mkono mmoja nikaupaka mafuta ya kambale, mwingine nikauosha mtoni. Akalamba yote miwili sawasawa. Kwa hiyo si dawa, si chumvi ya jasho, si samaki.

Mganga alimtazama kidogo tu.

"Huyu anakuogesha. Amekuhesabu mwanawe. Na anaona wewe ndiye mchafu kuliko wote."

Alininyunyizia tena. Nilipofika nyumbani, vita ya Mahenge ilikuwa imekwisha.

Katika wote walioondoka mtaani kwetu, alirudi Likwata peke yake. Alikaa mlangoni, damu imemkaukia mkononi, hataki maji, hataki uji. Dada aliogopa hata kumgusa.

Paka akamwendea, akaanza kumlamba mkono. Nikaruka kumtoa.

"Mwache, shemeji," akasema. "Hapa hakuna dawa ya kumaliza."

Akamlamba taratibu hadi kwenye kiwiko. Likwata akasinzia palepale. Alipoamka aliomba uji.

Nilichojifunza, wakuu: paka hakulambi kwa sababu una kitu. Anakulamba kwa sababu u wake.

Likwata amepona, anasema yeye ndiye mwana kipenzi, mimi ni wa kambo. Tunabishana kila siku.

Wenye paka semeni: wenu huanza kulamba wapi? Wangu siku hizi ananianza usoni. Sijui ananiambia nini.