Alama ya Kijani Kwenye Ukuta Wangu

Nianze na aibu yenyewe, maana mmeshaisikia kwa wengine na kila mtu anatia chumvi yake: ni kweli, ukuta wa chumba changu ulianguka mbele ya mkutano wa kijiji nami nikiwa ndani, mguu mmoja kwenye suruali mwingine nje, na aliyekaa mbele kabisa ni mama mkwe wangu. Alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilijifunika kwa vumbi.

Sasa sikilizeni. Mvua ile iliyoporomosha mlima juu ya kahawa zetu ilipasua nyumba nyingi, yangu ikapata ufa wa kupitisha mkono. Ikapangwa wataalamu watoke Mbinga wapite kila nyumba wakipaka rangi: nyekundu, unahama na unapewa turubai na bati, kijani, unaendelea kukaa. Lakini Mwenyekiti Ndunguru (simfichi jina) hayo hakutueleza, alipita na kipaza sauti tu: "Wageni wa serikali wanakuja kesho! Sitaki kuona uchafu kwa mtu!" Na sisi mgeni akija si tunasiriba? Mke wangu na dada yake wakachota udongo mwekundu, wakaziba nyufa zote, ukuta ukang'aa kama wa Krismasi, nami mjinga nikawasifu.

Injinia Beka, mmoja wa wataalamu hao, alipofika hata ndani hakuingia. Akapaka kijani ukuta wa mbele.

"Injinia, ufa uko chini ya udongo huo."

"Mzee, mimi napima ninachokiona."

"Usituaibishe bwana," Ndunguru akaninong'oneza.

Halafu wakaitisha mkutano wa kusoma matokeo, uani kwangu, eti nyumba ya mfano! Nikaona nisikae na wakubwa na kaptura, nikaingia kuvaa suruali ya kanisani. Nje nikamsikia Beka, "Ukuta imara ni kama huu!" akaupiga kofi.

Vumbi lilipotulia shemeji yangu akapaza sauti, "Haya, mfano wenyewe huo!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Cheka na wewe. Lakini ukuta wa mbele bado umesimama na kijani chake, na ofisini wanasema tathmini imefungwa, mimi nina nyumba salama, turubai si langu. Tunalala jikoni na watoto, moshi na kuku, na mvua nyingine hiyo inakuja.

Kusiribia mgeni mimi basi, hata aje nani. Ila Ndunguru na Beka waje uani kwangu, mbele ya watu walewale walionicheka, waniambie wanangu walale wapi. Na waje na rangi nyekundu.