Njugu Mawe za Mama

Msimu uliopita nilikwenda Ilongero kumsaidia mama kupalilia, na kiherehere changu chote cha mkulima wa alizeti. Alizeti nazijua: unakwangua magugu, unasonga mbele. Nikaingia hivyo hivyo kwenye kishamba chake cha njugu mawe. Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza mistari sita, nikajisifu moyoni.

Mama alipoleta uji, alitua sufuria chini akapiga yowe.

"Mwanangu, umeziua!"

Sikuelewa. Akapiga magoti akanionyesha maua madogo ya njano, chini kabisa ya shina. Ua likishapevuka, kikonyo chake huingia ardhini, na njugu hukulia humo. Kwa hiyo shina hupandishiwa udongo. Mimi niliukwangua wote! Na ile ndiyo ilikuwa mbegu yake yote. Magulioni alikuwa ametafuta nyingine hadi akachoka. Niliona aibu, masikio yakawaka moto.

Tulishinda tukirudisha udongo kwa mikono, shina kwa shina.

Kisha mvua ikakata. Alizeti zangu zilinyauka kabla ya kujaza mbegu, lakini zile njugu zilibaki kijani, kama hazina habari. Nikaanza kuzichungulia kila wiki, roho juu.

Siku ya kung'oa ikafika. Shina la kwanza lilitoka na njugu mbili tu. La pili, kumi na moja! La tatu sikuhesabu, nilipiga kelele hadi mbuzi wakakurupuka. Jamani, mimi niliyezoea kuziita chakula cha wazee!

Tulitenga mbegu kwanza, zilizobaki tukachemsha kwa chumvi. Zilikula kuni nyingi, sikatai, ila wanangu wanaosusa maharage walizimaliza na mchuzi wake. Mama akanipeleka pia kuona uwele aliopanda palipokuwa na njugu mwaka uliotangulia. Ulikuwa umestawi kuliko wote, na mbolea ya dukani haujui. Nilitamani kupanda njugu siku ile ile.

Habari zikasambaa. Majirani watatu wakaja na mabakuli, wakampa mama shikamoo, wakaomba mbegu. Akampimia kila mmoja kiganja kimoja. Walipouliza zinavyolimwa, akaninyooshea kidole.

"Muulizeni huyu. Anajua zinavyouawa, na anajua zinavyofufuliwa."