Fundi Mwingine wa Mzee Elia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kabla hata ya chai ya saa nne. Simu ya mezani ililia, nikaipokea, na mama mmoja wa uhasibu akaanza kunieleza kwamba kompyuta yake imegoma, kwamba alipofika alisalimiana na wenzake, kwamba aliweka mkoba mezani ili afungue dirisha. Nikamkatisha.

"Waya umechomoka, mama. Urudishe."

Kweli ulikuwa umechomoka. Nikaweka simu chini nikijiona mjuzi. Mkuu wa Kitengo, bwana mrefu aliyetafuna karanga kutwa nzima, akaniuliza nimejuaje. Nikamweleza kwamba mkoba ukisukumwa nyuma ya mashine, waya lazima utoke.

"Vizuri," akasema. "Sasa mpigie umwombe radhi. Hapa mtu anaachwa amalize kusema, hata kama jibu unalo tangu alipofungua mdomo."

Nilinuna, lakini nilipiga.

Kazi hiyo iliitwa dawati la msaada. Mtu kompyuta ikimsumbua anatupigia, sisi tunamwelekeza kwa simu, na ikishindikana tunamfuata alipo. Tulikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika, na adui yetu mkubwa alikuwa vumbi la Dodoma. Upepo ukianza kuvuma tulikuwa tukifungua makasha ya mashine na kuyapuliza kwa blowa, tumejifunga vitambaa puani, na kufikia jioni tumekuwa wekundu mpaka kope. Vijana wa leo mnatengeneza kila kitu mkiwa mmekaa. Siwaonei wivu, ila kidogo.

Baada ya hapo nilihamishiwa wilayani Chemba. Kompyuta zilikuwa chache na simu zikawa chache zaidi. Siku ya mnada wa ng'ombe ofisi nzima ilikuwa ikihamia mnadani, nami nikabaki na dawati langu. Bosi wangu wa huko aliniambia, "Bi Roza, jizoeze kusoma magazeti." Nikajizoeza. Na mume wangu tulikuwa tumeshaachana, na mtoto sikujaliwa, kwa hiyo magazeti nilikuwa nikiyasoma mpaka matangazo ya viwanja. Upweke niliujua vizuri Chemba, na niseme ukweli, sikuupenda hata siku moja.

Niliporudishwa makao makuu, watumishi walikuwa wakihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, wengi wameacha familia zao huko. Hapo ndipo nikaona jambo ambalo halikufundishwa chuoni. Ikifika jioni, mashine zilikuwa zikiharibika kwa wingi. Mtu anapiga, "Fundi, printa haitoi." Unafika, printa nzima kabisa, na mwenyewe anakuuliza kama umekula. Nilikuwa nikikagua waya kwa heshima, nasema pole, tunaongea kidogo, naondoka.

Mzee Elia, mkuu wa masjala, kile chumba cha mafaili, alizidi wote. Tangu mkewe alipofariki, kompyuta yake iliharibika kila Ijumaa. Nilikuwa nikiiwasha, nikiizima, yeye akimimina chai kutoka kwenye chupa. Alikuwa akinitania kwamba mimi ni fundi wa kuwasha na kuzima tu. Nilikuwa nikimjibu kwamba na yeye ni bingwa wa kuvumbua magonjwa ya mashine. Hatukuwahi kusema wazi kwamba mashine ilikuwa nzima.

Halafu akaja Mkurugenzi mpya, kijana mwenye haraka na suti zilizombana. Alileta utaratibu wa tiketi, yaani kila tatizo linapewa namba na linafungwa likiisha.

"Bi Roza, hapa si kijiweni," aliniambia. "Pokea, tatua, funga tiketi."

Tukaanza kufunga tiketi. Ijumaa za Mzee Elia zikaisha, na muda si mrefu akastaafu, akarudi kwao Mlali kulima.

Ni wakati huo matapeli walipoingia. Mtumishi anapigiwa simu na sauti yenye adabu: "Shikamoo mama, napiga kutoka kitengo cha kompyuta. Mashine yako imeingia virusi, inasambaza kwa wenzako." Anaelekezwa kupakua programu inayomruhusu mtu wa mbali kuiendesha mashine yake. Mshale unaanza kutembea wenyewe kwenye kioo. Mwenye mashine anashangaa, anashukuru, na akiombwa nywila, lile neno la siri la kufungulia, anaitoa.

Mkurugenzi alitaka kuandika waraka wa kuwakemea waliotapeliwa. Nilimfuata ofisini.

"Hao ni wazembe tu, Bi Roza."

"Mkurugenzi, nimeongea nao wote. Ni watu wanaoishi peke yao. Mtu amekuamkia, umemwitikia marahaba, ameuliza habari za nyumbani akasubiri jibu. Unamkatiaje simu mtoto wa namna hiyo?"

"Sasa wewe unapendekeza nini?"

"Sisi tunafunga tiketi. Mwizi ana muda."

Hakupenda, lakini waraka hakuuandika. Akanituma nizunguke idara zote kufundisha. Nilifundisha mpaka sauti ikakauka: fundi wa kweli hakupigii, wewe ndiye unayempigia, fundi wa kweli haombi nywila, ukipigiwa, kata simu. Walikariri kama watoto wa darasa la kwanza, na wizi ukapungua. Katika kazi yangu yote hilo ndilo ninalojivunia.

Nikastaafu. Nilipewa kitenge, jokofu na hotuba, nikahamia nyumba yangu ndogo Chang'ombe ya hapa Dodoma, nyuma ya maduka. Hakuna aliyenionya kuhusu simu. Mtu aliyepigiwa kutwa nzima tangu ujana, ghafla simu inakaa mezani kimya. Wiki za mwanzo nilikuwa nikiinyanyua kuangalia kama ina mtandao. Mtandao ulikuwepo. Hakuna aliyeharibikiwa na kitu, basi.

Ndiyo maana Mzee Elia aliponipigia mwaka huu, wakati wa kuvuna karanga, nilifurahi kupita kiasi.

"Shikamoo Mzee Elia!"

"Marahaba, Fundi. Nimepiga kukuringia. Nimepata fundi mwingine, mzuri kuliko wewe."

Mwanawe aliyeko Mwanza alikuwa amemnunulia kompyuta mpakato ili wawe wanaonana kwa video, lakini mwana ana shughuli zake. Sasa kuna kijana wa msaada wa kompyuta anampigia kila asubuhi, anamsafishia virusi akiwa mbali, mshale unatembea wenyewe.

"Na kesho ananiwekea akaunti ya benki humo humo kwenye mashine, niwe naona kiinua mgongo changu nikiwa nimekaa. Amesema nisimwambie mtu mpaka amalize. Nimekwambia wewe tu, kwa kuwa ni mwenzetu."

Nilimwambia asubiri, ninakuja. Alfajiri nilipanda basi la Kongwa, kisha bodaboda hadi Mlali. Nilimkuta uani, amevaa shati la kazini lililopigwa pasi, kompyuta imewashwa juu ya stuli. Alidhani nimekuja kujifunza.

Kabla sijamaliza kueleza, simu yake ililia. Akaweka sauti ya nje, kwa fahari, ili nami nisikie.

"Mbukwa, mzee wangu," sauti ya kijana ikasema. Mzee alikuwa amemfundisha hata kusalimia Kigogo. "Goti limeamkaje leo?"

"Afadhali, mwanangu. Ile dawa ya kuchua imesaidia."

"Na yule mbuzi? Amezaa?"

"Mapacha! Usiku wa kuamkia leo!"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikujua kama ana mbuzi. Sikujua habari za goti. Nilisimama pale, mtaalamu mzima, namwonea wivu mwizi.

Nikachukua simu. "Kijana, mimi ni fundi mwenzako. Unapiga kutoka kitengo gani?"

Upande wake nikasikia kiti kikisogezwa.

"Mkuu wako ni nani?"

"Shikamoo mama," akasema taratibu, halafu simu ikakatika.

Mzee Elia akampigia. Namba haipatikani. Akapiga tena, na tena, amegeukia ukutani nisimwone uso. Mimi nikafanya nilichojua kufanya: nikakata intaneti, nikaiondoa ile programu, nikabadilisha nywila, nikamfanya aongee na benki yake nikiwa nimekaa naye. Hela zake zilikuwa salama, hakuna kilichoguswa. Alitii kila nilichomwambia, kama mgonjwa.

"Nimepona, siyo?" akauliza nilipomaliza.

"Umepona, Mzee Elia."

"Kesho asubuhi nani atauliza habari za mbuzi?"

Nikasema nitapiga mimi. Akaifunga kompyuta yake. Nilipoaga, alibaki mlangoni. Mtu wa Mlali, aliyelelewa kumsindikiza mgeni mpaka barabarani hata kama ni mdai wake, aliniacha nikatembea peke yangu.

Nilipiga kesho yake. Hakupokea. Nilipiga keshokutwa yake, na siku zilizofuata, kila asubuhi, saa ile ile aliyozoea kupigiwa. Nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe pale uani, kama nilivyofundisha idara zote baada ya yeye kustaafu, kwamba anayekupigia bila kuitwa akujulie hali ana lake jambo. Sasa nawaambia ninyi mnaoingia kwenye kazi hii: fundisheni hivyo hivyo, msibadilishe hata neno, watu waokoke. Lakini mkishamwokoa mtu, jueni kuna kitu mmemnyang'anya, na hicho hakina tiketi. Mimi sikufundishwa namna ya kukirudisha. Nilichoweza ni kupiga simu.

Wiki iliyopita akapokea. Hakusema haloo. Nilisikia kuku, nikasikia mtoto wa mbuzi akilia, nikasikia pumzi yake.

"Shikamoo Mzee Elia. Mapacha hawajambo?"

Nikasikia stuli ikivutwa, akakaa.

"Fundi," akasema, "bado nimekukasirikia. Lakini usikate."

Tukakaa hivyo, yeye Mlali, mimi Chang'ombe, hakuna anayesema kitu, mpaka dakika zangu zikaisha.