Jiwe Alilomtunzia Coleta

Watu wa Pito wanamjua Stephano kwa mambo mawili. La kwanza, ni mtu asiyesema. Unaweza kukaa naye kilabuni tangu mchana mpaka jua linazama, ukaondoka na maneno yake manne, na mawili kati ya hayo yakawa salamu. La pili, kila mwaka ulezi ukishaingia ghalani, mwanamume huyu mzima, mwenye mke na wajukuu, huenda likizo.

Ndiyo, likizo. Hufunga unga wa ulezi, maharage kidogo, sufuria na turubai. Huvaa koti lake zito, ingawa huko aendako halina kazi hata kidogo, maana mtu wa Ufipa akitoka nyumbani bila koti hujiona uchi. Hudandia lori la mahindi mpaka Kasanga. Pale ufukweni mwa ziwa humkuta Fanueli, mvuvi, ambaye huchukua nusu ya ule unga, humvusha mpaka kwenye kisiwa kidogo kisicho na mtu, na humfuata siku ya tatu. Hawajawahi kupatana bei. Fanueli anapenda uji wa ulezi, basi.

Pale kisiwani Stephano huoga kwenye maji ya magotini, kwa kuwa hajui kuogelea. Hupanda kilima akaitazama milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Huchuma kuyu, huvua kwa mshipi, hubanika alichopata, hulala chini ya mti akimwangalia furukombe, yule tai mla samaki, akipiga mbizi. Akirudi Pito, uso wake huwa umenyooka kama wa kijana.

Majirani walikuwa wakimcheka. "Baba Silvana ana mke ziwani," walisema. "Mtu gani aende kuoga siku tatu?"

Coleta, mkewe, alicheka pamoja nao. Lakini nyumbani alisema, "Siku moja utanipeleka nikamwone huyo mke mwenzangu."

"Nitakupeleka," Stephano alijibu. Akajibu hivyo mwaka hadi mwaka. Mara nguruwe wamezaa, mara mama mkwe anaumwa, mara mtoto wa Silvana ana surua. Miaka kumi na tisa ikapita Coleta akibaki mlangoni.

Kitu kimoja Stephano alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Upande wa machweo wa kisiwa kile kuna jiwe bapa linaloingia majini kama baraza. Ukikaa pale ukaning'iniza miguu, ukafikicha ugali wa ulezi, wanakuja samaki wadogo, wa njano, wa buluu, wenye mistari, wanakula mkononi mwako na kukudonoadonoa vidole. Mara ya kwanza alicheka peke yake mpaka akaona haya. Akasema moyoni: hili ni la Coleta. Sitamsimulia. Nitamkalisha tu.

Sasa tuje kwa Timoth.

Timoth alitoka Mbeya, akafungua duka la simu Milanzi, jirani na Pito. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuita watu kaka. Mwezi wa pili mwaka jana, Stephano akiwa shambani anatengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo chini yake tunafukia majani yaoze, alimwona Timoth anakuja na jembe la kuazima na viatu vyeupe.

"Kaka Stephano, nipe kona yangu."

"Sijapika pombe."

"Nani kakuomba pombe? Nimekuja kulima."

Huku kwetu watu huja kupindua majani kwa kuitwa, na huitwa kwa pombe. Mtu akija bila kuitwa, akapindua nawe mpaka jioni, huyo si rafiki tena. Ni ndugu wa tumbo moja. Huwezi kumnyima chumvi wala kumficha neno. Timoth alipindua siku nzima. Malengelenge yakampasuka mikononi, naye akacheka. Coleta alimletea maji ya kunawa kwa mikono miwili, kama shemeji.

Walipokaa kula, Timoth aliuliza, "Hivi kaka, huko kisiwani unafanya nini hasa?"

Na Stephano, mtu wa maneno manne, akafunguka. Alieleza anavyokwenda, mahali pasipo na mamba, kilima, mikuyu, kwamba siku tatu nzima hazimgharimu kitu zaidi ya unga. Timoth alikuwa akibonyeza simu yake. Stephano alidhani anajibu wateja. Coleta alipoinuka kwenda kuosha vyombo, Stephano alishusha sauti akamweleza Timoth habari ya jiwe.

"Lile ni la mke wangu. Nataka alione kwanza. Wewe nitakupeleka mwakani."

"Mwakani, kaka. Shemeji kwanza," Timoth alisema, akaweka kiganja kifuani.

Ulezi ulipoingia ghalani, Silvana alikuja kukaa na nyumba. Coleta alivaa kitenge kipya. Ndani ya lori hakunyamaza, alimwuliza mumewe kila kitu, na mumewe akawa anatabasamu tu kama mtu aliyeficha pipi.

Kasanga, Fanueli alipokea unga bila kumtazama Stephano usoni.

"Kaka, kule leo kuna watu."

"Watu gani?"

"Wageni wa Timoth, wanamlipa awatembeze. Hii ni safari ya tatu analeta watu. Aliniambia ni mradi wenu wawili."

Coleta alimtazama mumewe, kisha akapanda mtumbwi. "Twende," alisema. "Kisiwa si cha Timoth."

Walikuta mahema manne na muziki mkubwa. Furukombe hakuwepo. Timoth alikuja mbio mpaka majini, akamkumbatia Stephano na koti lake.

"Jamani, njooni! Huyu ndiye mzee wetu niliyewaambia. Kwa kubanika samaki hana mpinzani!"

Watu walipiga makofi. Mtu mmoja akamkabidhi Stephano beseni la migebuka. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwepo. Lakini macho kumi na zaidi yalikuwa yakimtazama, na Stephano akitazamwa hivyo hutafuta kazi ya mikono. Alipiga magoti akaanza kuwasha moto.

Coleta alibaki amesimama na kifurushi chake. Dada mmoja mwenye miwani ya jua, aliyeitwa Happyness, alimsogelea kwa upole. "Shikamoo mama. Wewe ni mke wa mpishi?"

"Marahaba. Mimi nimekuja kutembea, kama wewe."

"Aa, basi umeshaona samaki wetu? Wanakula mkononi! Njoo." Akamshika mkono.

Stephano aliinua kichwa. Aliwaona wanashuka upande wa machweo. Aliliona jiwe, na juu yake watu watano wameketi, mifuko ya biskuti mapajani. Coleta aligeuka akamtazama mumewe kwa mbali. Akaelewa. Hakuna aliyemwambia, lakini kwa miaka yote hiyo anamjua mtu wake.

Walimpisha. Alikaa, akaning'iniza miguu, akafungua kifurushi, akafikicha ugali wa ulezi aliousonga mwenyewe alfajiri. Akasubiri. Punje zilizama polepole, moja moja, mpaka chini.

"Wameshiba hao," alisema mtu. "Tumewalisha tangu asubuhi."

Stephano aliacha samaki waungue. Alishuka mpaka kwenye jiwe, na Timoth akamfuata akiita, "Kaka, vipi moto?"

"Timoth," Stephano alisema. "Ulipindua udongo kwangu siku nzima. Nilidhani umekuja kulima."

"Ah, kaka, tusikosane mbele ya wageni. Nafasi yako ipo. Hata shemeji anaweza kuosha..."

"Baba Silvana," Coleta alisema bila kugeuka, "mwite Fanueli, bado yuko ufukweni."

Walirudi siku ileile. Katikati ya ziwa Stephano alisema, "Ningesema mapema."

"Ungesema," Coleta alikubali. Baadaye kidogo akauliza, "Ni wa njano kweli?"

"Wa njano. Na wa buluu."

Coleta alikifunga tena kifurushi chake.

Mvua za msimu uliofuata zilipokolea, Stephano na Coleta walikuwa shambani wakipindua majani, nusu ya shamba majani bado yamesimama mpaka mabegani. Mtu alitokea njiani na jembe. Safari hii alikuwa amevaa buti.

"Kaka, nipe kona yangu," Timoth alisema, akicheka kidogo.

Stephano alinyoosha mgongo. Nyuma yake majani yalikuwa yanayumba kwa upepo, marefu, mengi.

"Kazi imekwisha," alisema.

Coleta aliendelea kupindua.