Mamumunye ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kwetu mjini, Nsambya, akiwa karibu kipofu. Aliona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, akampangia upasuaji baada ya miezi mitatu. Mume wangu, ambaye ni askari polisi, alikwenda kumchukua kijijini kwao kaskazini. Tulikuwa tumeoana miaka sita, lakini mimi na mama tulijuana kwa simu tu.

Alishuka kwenye basi na mbegu za mumunye zimefungwa katika pindo la kitenge chake. Alizipata kwa mama yake, naye alizipata kwa mama yake.

"Mna shamba?" aliniuliza kabla hata ya kunywa chai.

"Kuna kipande nyuma ya jikoni, Mama. Ila kimejaa mawe."

"Nipeleke."

Alipiga magoti pale akaanza kuyatoa mawe kwa mikono. Nilitaka kumzuia, maana nimemkaribisha mgonjwa, majirani watasema nini? Hakunisikiliza. Siku ya tatu alikuwa amechimba mashimo sita na kuyajaza samadi ya kuku niliyoomba kwa jirani. Mimi mtoto wa mjini, nilizoea kununua mboga sokoni, nikadhani anajisumbua bure.

Mbegu ziliota zote. Mashina yakatambaa, yakaufunika ukuta, majani yakawa mapana kuliko sahani zetu. Kisha yakaja maua, na baada ya maua vitunda vidogo vikaanza kuoza na kudondoka. Nilisikitika kumwambia.

"Hapa nyuki ni wachache," akasema bila wasiwasi. "Kesho niamshe kukipambazuka."

Asubuhi ile nilimshika mkono mpaka bustanini. Alipapasa chini ya kila ua lililofunguka. "Hili dume, shingo yake nyembamba. Hili jike, shika hapa, ana mtoto tayari." Kweli, chini ya ua kulikuwa na tunda dogo kama kidole gumba. Akachuma ua dume, akalichana petali zake, akaupaka unga wake ndani ya ua jike, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta. Alifanya hivyo kwa maua kumi na moja, wala hakukosea hata moja. Mimi mwenye macho mazima nilikuwa nimeyamwagilia kila siku bila kujua kuna dume na jike.

Yale kumi na moja hayakudondoka. Yalikua kwa kasi ya kutisha: nililiacha moja jioni likiwa urefu wa kiganja, asubuhi nikalikuta limenipita kifundo cha mkono. Mama alinifundisha kuyavuna yakiwa machanga, ukucha ukiingia kwenye ganda bila kulazimisha. Tuliyapika na maganda yake, tukayaunga kwa ufuta uliosagwa. Mume wangu alikula, akapakua tena. "Hiki ni chakula cha utotoni," alisema.

Siku ya upasuaji ikafika, jicho moja kwanza. Kesho yake walipomfungua bandeji tukarudi naye nyumbani. Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya jikoni peke yake, akasimama mbele ya yale maua yaliyokuwa yamefunguka, mkono mdomoni.

"Mbona hamkunikumbusha kuwa ni ya manjano hivi?"

Kwangu yalikuwa ya manjano tu. Nikasimama kando yake nikayatazama upya, na naapa sijapata kuona rangi kama ile.

Alipogeuka nilitabasamu, naye akanitazama usoni kwa kitambo, akanigusa shavu.

"Kumbe una mwanya," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.