Mafua Niliyoingia Nayo Bwawani

Nilivuta kamba mara moja, au mara tatu? Swali hilo lilininyima usingizi mwezi mzima, nikilalia ubavu wa kulia kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nilimaliza chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya tisini, kazi ikakosekana, nikajifunza kupiga mbizi. Nikaandikwa kazi karibu na mji wa Litein, kusafisha chujio la bwawa linaloendesha mitambo ya kiwanda cha chai. Mzee Kipkoech alisimama ukingoni na kamba yangu. Nikivuta mara moja, alegeze. Mara tatu, anitoe.

Siku moja chujio liliziba. Mitambo ilisimama, na majani ya chai ya wakulima yakaanza kuungua kwa joto ndani ya magunia.

"Digrii, mbona macho mekundu?" Mzee aliuliza; ndivyo alivyozoea kuniita.

"Ni moshi tu, mzee."

"Moshi gani, na hatujawasha moto?" Akacheka, akanifunga kamba.

Yalikuwa mafua. Chini, sikio lilibana. Nikashika pua nikapuliza, halikufunguka. Nikalazimisha. Kitu kikapasuka, maji baridi yakaingia, bwawa lote likazunguka. Sikujua juu ni wapi. Nikatapika. Nikavuta kamba. Ikalegea.

Mzee aliona mapovu yangu yakienda mbali na chujio. Akanivuta bila kuambiwa.

"Kiwambo cha sikio kimepasuka," daktari alisema. "Kitajifunga, maji yasiingie tu. Ulikuwa na mafua?"

"Hapana."

Mama, aliyenisindikiza hospitalini, aliitazama leso iliyolowa makamasi mkononi mwangu.

Wiki mbili nilitembea nikishika ukuta. Polepole kizunguzungu kikaisha, usaha ukakauka. Ndipo Mzee akaja kuniona na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Alikuwa amesimamishwa kazi; kiwandani walisema alisinzia na kamba.

"Pole, weri, kijana wangu. Labda mkono wangu umezeeka."

Alipotoka, Mama akanigeukia. "Na digrii yote hiyo, unaficha makamasi?"

Namshukuru Mungu, leo nasikia. Wewe unayefanya kazi majini, ukiwa na mafua sema, hata kiwanda kikisimama.

Kabla ya kumtetea Mzee, nilikuwa nangoja kwanza nikumbuke nilivuta mara ngapi. Sitakumbuka kamwe. Lakini mafua nilikuwa na hakika nayo. Asubuhi iliyofuata maneno ya Mama, pamba sikioni, nilipanda hadi ofisi ya meneja.

"Mzee hakusinzia," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemdanganya."